Klorini Isiyotiwa Maji

Beatha alikuwa mgomvi, na hakuna aliyethubutu kumlaumu, maana kazi yake yenyewe ilikuwa ugomvi. Kwa miaka mingi amekuwa mhudumu katika kituo kidogo cha afya huko juu, kwenye barabara inayopanda kutoka Gonja kwenda Bombo, mahali ambapo ukungu huingia wodini bila kubisha hodi. Matabibu huja, huoa, huomba uhamisho, huondoka. Wauguzi nao vivyo hivyo. Beatha yupo, na buti zake za mpira, na mikono iliyobabuka hadi viwikoni, na harufu ya klorini ambayo hata Jumapili kanisani haimtoki. Wanakwaya wenzake humwachia nafasi kubwa kwenye benchi. Yeye husema ni heshima.

Adui zake walikuwa wadudu wasioonekana kwa macho, na aliwaua bila huruma. Silaha alizitunza kwenye kabati la chumba cha vyombo. Klorini ilikuwa ya damu, ya sakafu na ya vyombo vilivyotoka kwenye mwili wa mtu: maji mengi ndani ya ndoo, klorini kidogo, mkasi unazama humo kwanza ndipo uoshwe kwa sabuni. Spiriti ilikuwa ya ngozi kabla ya sindano na ya kufutia kipimajoto. Ayodini, yenye rangi ya mchuzi wa maharage, ilikuwa ya kidonda. Lisoli ilikwenda chooni. Halafu kulikuwa na ile ya galoni, glutaraldehaidi, jina ambalo Beatha alilikata akabakiza Gluta, ya kulowekea vifaa ambavyo ukivichemsha vinaharibika. Hiyo ilimchoma macho hata ikiwa imefunikwa, akaiheshimu kuliko mkwe.

Wadudu hawakumsumbua sana. Waliomsumbua ni watu. Milima hiyo ina imani yake kwamba dawa isiyowasha si dawa. Mtu akijikata jembe shambani, haji kituoni. Anakwenda dukani kununua jiki, klorini ya kufulia, anaimimina kwenye kidonda jinsi ilivyo, anang'ata meno, na akilia sana anajua inafanya kazi. Siku tatu baadaye analetwa kwa pikipiki na nyama imeiva. Beatha aliwahi kumzaba kofi mzee wa kanisa mbele ya mkewe kwa kosa hilo.

"Umepika mguu wako! Shikamoo mzee, lakini umepika mguu!"

"Marahaba," mzee aliitikia huku machozi yakimtoka.

Ukali wote huo aliugawa kwa watu wa nje. Nyumbani hakubakiza hata tone. Wazazi wao walipofariki, Beatha alikuwa binti ambaye hajaolewa na mdogo wake Elibariki alikuwa mtoto wa kubebwa, na akambeba kweli, mgongoni, akienda naye kuchanja kuni na kulima. Hakumpiga hata siku moja. Elibariki alipomvunja mtoto wa jirani jino, Beatha alikwenda kuomba radhi. Alipokua akamvunja mwanamume mwenzake taya kwa sababu ya mpaka wa shamba, Beatha alikwenda tena na jogoo mkononi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kijiji kizima kilimwambia hivyo. Aliwaambia wafunge midomo yao kabla hajaiosha kwa lisoli.

Watu wa milima hiyo hutaniwa kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni utani wa zamani na una ukweli wake, na laiti Elibariki angekuwa Mpare wa namna hiyo. Angepanda basi, angekaa mahakamani, angeahirishiwa, angezeeka kwa amani. Yeye kesi zake zote alizihukumu kwa mkono, na hukumu ilitoka palepale.

Kesi iliyomharibia maisha ilikuwa ya maji. Upande ule maji ya kijito hukusanywa usiku kucha kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwa mfereji. Kila ukoo una siku yake. Ndiva ikijaa tope, baragumu hupigwa na watu wote hutoka na majembe kwa msaragambo, na asiyetoka hunyimwa zamu. Mgawaji wa maji huchaguliwa na wazee, na neno lake halipingwi. Kituo cha afya nacho kilipewa siku: asubuhi hiyo mfereji hugeuzwa, maji yanaingia kwenye tangi la kituo hadi lijae. Hakuna aliyewahi kuigusa siku hiyo, kwa sababu kila nyumba ina mtu aliyezalia pale.

Ndipo tangawizi ikapanda bei. Watu waliolima maharage waling'oa maharage, na mwaka huo mvua za vuli zikakauka kabla hazijaanza. Mashamba ya mabondeni yakanyauka, watu wakawa wanaamka kulinda zamu zao na mapanga kiunoni. Elibariki alikuwa na shamba chini kidogo ya ndiva. Aliangalia majani yake yakigeuka manjano, kisha akaliangalia tangi la kituo.

"Tangi halinyauki," alimwambia dada yake walipokuwa wakila makande. "Tangawizi inanyauka."

"Uiguse zamu ya kituo uone," Beatha alisema, akamwongezea makande.

Asubuhi ya siku ya kituo Elibariki alipanda hadi kwenye mgawanyiko wa mfereji, akaziba njia ya kituo kwa mawe na udongo, akayageuzia maji yote shambani kwake. Mgawaji wa mwaka huo alikuwa Simeoni, mtu mrefu, mkimya, aliyekuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kupenda haki kupita kiasi. Simeoni alifika akayakuta mawe. Hakuuliza. Alianza kuyaondoa kwa jembe. Elibariki alimshika shati, Simeoni akazungusha mpini wa jembe ukamkuta Elibariki juu ya sikio, ngozi ikachanika na damu ikamwagika hadi shingoni. Ndipo panga likatoka. La kwanza lilimshukia Simeoni begani. La pili alilipokea kwa mkono alioinua kujikinga. La tatu lilimpata mbavuni akiwa tayari ameanguka mferejini, na maji yaliyokuwa yakienda kwenye tangawizi yakaenda mekundu.

Wakati huo Beatha alikuwa chumba cha vyombo. Alikuwa amemimina klorini kali kwenye kopo, ndoo ikiwa tayari miguuni pake, akafungua bomba ili achanganye. Bomba lilikohoa hewa. Alilifunga, akalifungua tena, akalitukana. Tangi lilikuwa tupu tangu juzi na leo ndiyo ilikuwa siku ya kulijaza. Alipita na lile kopo chumba cha kushonea vidonda, akaliacha juu ya meza ya dawa, klorini tupu isiyotiwa tone la maji, akatoka nje kutazama mfereji. Badala ya maji aliona watu wanashuka mbio na kitanda cha kamba, na mtu juu yake.

Tabibu siku hiyo alikuwa Fredrick, kijana wa Hedaru, mwenye mikono mizuri na moyo mwepesi. Muuguzi alikuwa ameondoka na gari la pekee kumpeleka mama mwenye uchungu Same. Wakabaki wawili. Simeoni aliwekwa mezani, shati likakatwa, na Fredrick akavuta pumzi kwa meno.

"Bana hapa, mama. Bana kwa nguvu zako zote."

Beatha alibana. Damu ilimpita vidoleni ikiwa ya moto. Fredrick alitundika dripu mbili, za mwisho kabatini, zote kwenye mkono mzima, akafungua ayodini, akashika sindano ya kushonea. Hapo ndipo Beatha alipouliza nani amefanya hivi, akaona kila aliyekuwemo chumbani anamwangalia yeye.

Dickson, mtoto mkubwa wa Simeoni, alimshika kilemba kwa nyuma akamvuta.

"Mtoeni huyu! Ni dada yake! Atammalizia baba humu ndani!"

Kilemba kilitoka, na nywele kadhaa zikatoka nacho. Beatha hakuachia mkono. Dickson alimpiga ngumi ya mgongoni, halafu nyingine. Beatha aligeuza shingo tu.

"Nipige mpaka uchoke, mwanangu. Nikiinua mikono hii baba yako anakufa. Haya, nipige."

Alikuwa ameshaelewa yote, tena haraka. Simeoni akifa, mdogo wake ni muuaji, na muuaji ananyongwa au anafia jela. Simeoni akiishi, Elibariki ataishi. Alibana jeraha la mbavu za yule mtu kana kwamba pumzi za Elibariki ndizo zilizokuwa zinataka kutoka hapo. Sisemi hakumhurumia Simeoni. Alimhurumia. Lakini aliyekuwa anamwombea kwa Mungu alikuwa mwingine.

Fredrick alipata ujasiri asiokuwa nao siku nyingine. Aliwafukuza wanaume wote chumbani, akawaambia wakae barazani. Hawakukaa. Walinong'onezana, Dickson akatangulia, wakashuka bondeni na mapanga. Barazani wakabaki wanawake, pamoja na Irine, mke wa Simeoni, aliyefika akihema na ndoo ya maji kichwani. Aliisikia habari akiwa chemchemini, mbali kule ng'ambo, akaja na ndoo kama ilivyo, bila kuitua njiani. Aliiweka barazani akaketi kando yake.

Haikupita muda, moshi ukaonekana dirishani. Ulitoka nyumbani kwa Elibariki, nyumba aliyoijenga baba yao. Beatha aliuona, akazidi kubana. Mbavu za Simeoni zilikuwa zimeanza kutulia chini ya kiganja chake, damu inakuja taratibu, Fredrick akishona begani na jasho likimtoka puani. Beatha alianza hata kupumua.

Mlango wa nyuma, ule wa kutolea taka, ulifunguliwa kwa teke.

Elibariki alikuwa ameganda damu upande mmoja wa uso. Panga lilikuwa bado mkononi.

"Dada, pisha."

"Eli, weka chini hilo."

"Wamechoma nyumba ya baba. Wameing'oa tangawizi yote. Pisha."

"Huyu hajachoma nyumba. Huyu yuko mezani. Mwangalie, Eli, mwangalie alivyo!"

"Bado anapumua," Elibariki alisema, na alisema kwa uchungu, kama mtu aliyedhulumiwa haki yake.

Beatha alikandamiza shashi jerahani, akamsimamia mbele. Alimbeba mgongoni mtu huyu, alimtafunia viazi, na sasa Elibariki alimsukuma kwa kifua akamtupa ukutani kama gunia. Fredrick aliinua sinia la vyombo kumkinga mgonjwa. Panga lililigonga sinia, mikasi ikatawanyika sakafuni, na ncha ikapita ikampasua tabibu mkono kuanzia kifundo kuja juu. Fredrick alipiga yowe akainama. Elibariki akainua panga tena, na safari hii kati ya panga na shingo ya Simeoni hakukuwa na kitu.

Hili lieleweke vizuri, kwa sababu baadaye watu wema walimtafutia Beatha udhuru. Walisema mama wa watu alishika tu kilichokuwa karibu. Hakushika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni chupa ya spiriti, na spiriti ingemfumbisha macho kidogo, kisha angeyafumbua akaendelea. Ayodini ingemtia rangi. Kopo la klorini lilikuwa mwisho wa meza ya dawa, na Beatha alinyoosha mkono akaziruka zote mbili. Alijua halijatiwa maji. Alijua kuliko mtu yeyote katika milima ile jinsi klorini tupu inavyopika nyama. Alilishika akammwagia mdogo wake usoni, macho yakiwa wazi.

Sauti aliyotoa Elibariki wanawake wa barazani hawajaisahau. Panga lilianguka, Fredrick akalisukuma chini ya kabati kwa mguu. Elibariki alijikwangua uso kwa kucha, akagonga ukuta, akagonga mlango, akaanguka. Hapo Beatha akawa mhudumu tena. Macho yaliyoingiwa na klorini huoshwa papo hapo, kwa maji mengi, yatiririke bila kukatika. Alikimbilia bomba. Bomba likakohoa. Alikimbilia ndoo zake, zote kavu, zilikuwa zinangoja zamu ya leo. Aligeuka akaitazama dripu, maji pekee yaliyobaki chumbani, ikidondoka kwenye mkono wa Simeoni. Fredrick, akiwa amebana mkono wake mwenyewe kwa shashi, alimwona anavyoitazama.

"Hapana, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Akitolewa hiyo anaondoka."

Beatha alimshika mdogo wake kwapani, akamburuta hadi barazani. Alipiga magoti mbele ya Irine, kichwa wazi, nguo zimelowa damu ya mume wa mwanamke yule.

"Mama Dickson, naomba maji."

Irine aliangalia ndoo yake. Akamwangalia na mtu aliyekuwa akijinyonganyonga chini akimwita dada yake kwa jina la utotoni.

"Haya nimemletea mume wangu."

"Naomba, ndugu yangu. Nakuomba kwa Mungu. Anapofuka."

"Maji ya kituo yako kwenye tangawizi yake," Irine alisema. "Mwambie ayafuate huko."

Wanawake wengine waliinamisha macho. Elibariki alilia. Irine aliushika ukingo wa ndoo, akauachia, akaushika tena, kisha akachota jagi moja, akalisogeza mbele kwa sakafu bila kumtazama.

"Hilo. Mengine ni ya aliyekatwa."

Jagi moja. Beatha aliweka kichwa cha Elibariki mapajani, akalipanua jicho la kulia kwa vidole viwili, akamimina taratibu, uzi mwembamba usiokatika, huku akimwambia usifumbe, usifumbe, baba, usifumbe. Alitaka kugawa. Alijua akigawa hataokoa hata moja. Maji yalipokwisha alilipangusa la kushoto kwa kitenge kilicholowa maji, na hayo ndiyo yote lililopata. Mwanamke mmoja alikuwa amekwishatimka kupanda mferejini kuyaondoa mawe. Maji yalipofika kwenye tangi yalikuja mengi, safi, yakinguruma bombani, na jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuwa jeupe kama yai la kuchemsha.

Simeoni aliishi. Mkono wake wa kulia una vidole viwili vinavyosikia amri, na hagawi maji tena. Fredrick aliomba uhamisho, na hakuna aliyemcheka. Dickson ana kesi ya kuchoma nyumba, na kwa kuwa mahakama ni mahakama, kesi hiyo bado inaahirishwa. Elibariki alihukumiwa kwa kujaribu kuua. Hakimu alisema angekuwa ameua, maneno yangekuwa mengine. Kwenye kijiji wako wanaomwambia Beatha kwamba alimwokoa mdogo wake asinyongwe, na wako wanaosema dada gani huyo, damu ni nzito kuliko maji. Wote huwajibu vibaya. Anaendelea na kazi. Anachanganya klorini yake kila asubuhi, maji kwanza, na siku nyingine hulia juu ya ndoo na kusingizia mvuke.

Kila mwezi hushuka hadi Same, kisha gerezani, na kipande cha sabuni na mafuta ya kujipaka. Elibariki huletwa, huketi kwenye benchi, na huketi ubavu, akamgeuzia lile jicho lililokufa. Mara ya kwanza Beatha alidhani ni bahati mbaya, akahamia upande wa pili. Elibariki akageuka tena. Tangu hapo hakuhama. Hukaa mbele ya jicho lile, akalieleza habari za nyumbani: nani ameoa, nani amezikwa, mvua imenyesha au haijanyesha. Mdogo wake hajibu.

Mwaka jana alijibu. Beatha alikuwa anasimulia habari za msiba fulani wa Bombo, naye akamkatiza.

"Dada. Watu wanasema hukujua ni kopo lipi."

Huo udhuru ulikuwepo, umeshatengenezwa, watu wazima wameuapia mahakamani. Ilikuwa imebaki kuukubali tu.

"Nilijua," Beatha alisema. "Nilijua, mdogo wangu. Halikuwa na maji."

Elibariki aligeuka. Alimtazama dada yake kwa jicho lililobaki, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akamtazama nywele zilizoota mvi na mikono iliyobabuka. Alimtazama mpaka askari akasema muda umekwisha. Kisha akaurudisha uso pale pale ulipokuwa, akachukua sabuni, akainuka.

Mwezi uliofuata Beatha alikwenda tena.